Mgongo wa Daraja

Kila kiangazi ziwa lilipojivuta nyuma, liliacha mbele ya kituo cha mashua tope jeusi, pana kama uwanja wa mpira. Ndani ya tope hilo mlikuwa na matumbo ya samaki, majani yaliyooza na nepi za watoto wa watu wasiojulikana. Nahodha alilichukia kama mtu anavyomchukia mgeni anayerudi kila mwaka bila kualikwa.

Watu walimwita Nahodha tangu mumewe alipofariki na kumwachia mashua ya injini ya kuvushia abiria. Ukoo ulitarajia aiuze. Yeye akashika usukani. Kazi aliimudu vizuri. Kilichomshinda ni ule mwendo mfupi kati ya mashua na nchi kavu. Hapo abiria walipokelewa na wabebaji, wanaume waliokunja suruali hadi mapajani, wakawapakia mgongoni na kuwavusha topeni kwa malipo. Kiongozi wao alijulikana kwa jina la Daraja. Alikuwa mdogo wa marehemu, yaani shemeji yake Nahodha.

"Mama, leo umenenepa," Daraja alizoea kumwambia abiria aliyekwisha kumpanda. "Mumeo anakulisha nini? Mwambie anilishe na mimi." Wenzake wakacheka, na mama wa watu, kwa kuwa alikuwa juu ya mgongo na tope li chini yake, akacheka pia.

Kiangazi kilichopita Daraja alimbeba mama yake mzazi. Mama huyo, aliyeishi ng'ambo ya ziwa kwa binti yake, alikuwa mzito wa mwili na mwingi wa staha, mtu ambaye hata jasho alilifuta kwa siri. Katikati ya tope Daraja akamrusha juu kidogo ili amshike vizuri, kama mpagazi anavyoweka sawa gunia. Nguo ikapanda hadi mapajani. Wabebaji wakapiga mluzi. Daraja naye akacheka, na walipofika nchi kavu akanyoosha mkono apewe chake. Mama akaishusha nguo, akalipa.

"Mwanangu," alimwambia Nahodha jioni ile, "kiangazi sivuki tena. Nikifa kabla maji hayajarudi, mtanizika huko huko."

Sasa kiangazi kilikuwa kimerudi, na binti wa Nahodha, mjukuu wa kwanza wa mama huyo, alikuwa anaolewa. Bibi angekosa harusi ya mjukuu wake kwa sababu ya tope? Nahodha alikataa. Alinunua mbao, akatafuta mapipa ya plastiki, akamwita seremala. Wakaunda gati la kuelea, la kutandazwa maji yakipungua, kuvutwa yakisogea, na kuondolewa yakirudi. Kilichobaki kilikuwa kibali.

Ofisi ya ziwa ilikuwa chumba kimoja chenye harufu ya soksi. Afisa alikuwa akijichokonoa meno kwa pembe ya fomu ya mtu fulani. Alipomaliza aliitazama pembe ile, akaridhika na alichokipata, akairudisha fomu kwenye jalada. Kwa kidole kile kile akaufuata mchoro wa gati.

"Gati la msimu nalo ni gati, mama. Linahitaji ridhaa ya mtumiaji wa karibu wa ufuo."

"Ndiye nani huyo, bosi?"

"Mwenye benchi la wabebaji pale."

"Yule ni shemeji yangu."

"Basi kazi imekwisha. Mkayamalize nyumbani. Nitakuja kukagua, nimkute amekubali."

Kikulacho ki nguoni mwako, na cha Nahodha kilikuwa kimekaa kwenye benchi, kikitafuna muwa na kutema makapi kwenye njia ya watu.

"Shemeji, unataka nife njaa," alisema Daraja.

"Nataka mama yako aje harusini. Na gati litahitaji wanaume wa kulivuta kila maji yanaposogea. Kazi hiyo ni yako na wenzako. Nitawalipa."

"Niajiriwe na mke wa kaka yangu." Akatema. "Mama nitambeba mwenyewe. Tena bure, siku ya furaha hiyo. Mgongo huu haujawahi kumwangusha mtu."

"Hukumwangusha. Ulimwanika."

Daraja akachagua kipande kingine cha muwa.

Siku ya ukaguzi ilipofika, Nahodha alivuka kumweleza mama mkwe kwamba mambo yamekwama. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akaomba apewe mkono apande mashuani. "Sitashuka," alisema. "Nipeleke tu."

Walipofika ukingoni mwa tope, afisa alikuwa katikati yake, juu ya mgongo wa Daraja, viatu vyake vipya vimeinuliwa mbele kama vya mtoto anayebembea. Alitaka kupaona mahali pa gati bila kuchafuka.

Mama aliketi wima kwenye mashua. Hakupaza sauti.

"Huyo umembeba vizuri, mwanangu. Suruali yake haijapanda."

Wabebaji wakageuka kumtazama.

"Mimi nilikubeba mgongoni mpaka ukajua kukimbia. Nilikunyooshea mkono lini unilipe?"

Mbebaji mmoja alicheka, wakafuata wote, na safari hii walimcheka Daraja. Jasho lilimshuka, naye hakuwa na mkono wa kulifuta.

"Nishushe," alisema afisa.

"Hapa ni topeni, bosi."

"Basi sema haraka. Unaridhia au huridhii?"

"Naridhia," Daraja akaliambia tope.

Afisa alitoa fomu ya kibali, akaitandaza juu ya utosi wa Daraja na kuandika hapo hapo, akilamba kidole kila alipofungua ukurasa. Nahodha alikuwa ameingojea furaha ya saa hiyo kwa muda mrefu. Kilichomjia kilikuwa kinyaa: kwa kidole kile, kwa vicheko vilivyogeuka upesi kama upepo, kwa kibali kilichoandikwa juu ya kichwa cha mtu wa ukoo wake. Alikipokea kwa ncha za vidole.

Siku ya harusi gati lilikuwa limetandazwa. Daraja alisimama juu yake kwa shati lililopigwa pasi, akiwapokea abiria. "Karibuni gatini kwetu," aliwaambia, na kiganja chake kilikuwa wazi kama kawaida.

Mama mkwe alishuka taratibu, mbao zikayumba kidogo. Daraja akamnyooshea mkono amshike. Mama aliutazama kama mtu anavyotazama kitu kilichonasa chini ya kiatu.

"Nipishe, mwanangu."

Gati lilikuwa jembamba. Pa kupishia palikuwa topeni tu, na Daraja akashuka hapo, tope likamfika magotini. Mama akapita, nguo yake imetulia, bila kugeuza shingo.

Nahodha alimfuata nyuma. Kwenye ubao wa mwisho alikuta makapi ya muwa, mabichi, bado yana mate. Aliyasukuma topeni kwa ncha ya kiatu chake cha harusi, akakisugua kiatu kwenye nyasi, akaendelea.