Kifaa cha Nne

"Hizo shuka za kijani zinakuzeesha. Rudisha zile nyeupe."

Meseji ilitoka kwa mtalaka wangu. Ilinikuta jioni, bado nimeshika mto mkononi.

Shuka zenyewe nilizinunua mchana ule ule, nikitoka saluni ninakosuka. Nimezitandika, nimegeuka tu, simu ikalia. Na mapazia nilikuwa nimeyafunga.

Nikachoka.

Nikajipa moyo kwamba kabahatisha. Ikaja nyingine, na nyingine. Nimekula nimesimama chumbani, anajua. Nimelia, anajua, tena ananicheka.

Kilichonivunja nguvu ni siku ya shauri la mtoto. Alikuwa anamtaka binti yetu akae naye. Mimi nilikuwa nimeongea na wakili wangu kwa simu, chumbani, mlango nimeufunga. Kufika mahakamani, jamaa anajibu kila hoja kabla wakili hajaimaliza. Wakili akanivuta pembeni akaniuliza nimemwambia nani mipango yetu. Nikamwambia sijamwambia mtu. Shauri likaahirishwa.

Nyumbani tulikuwa watatu: mimi, binti yangu wa darasa la pili, na mama yangu mzazi, aliyekuja kunisaidia kulea baada ya talaka. Mgeni alikuwa mmoja tu, wifi yangu, dada wa mtalaka, fundi wa simu. Alikuwa anakuja kumwona mtoto.

Hesabu yangu ikaishia kwake.

Alipokuja tena nilimsimamisha mlangoni, nikamtolea uvivu. Nikamwambia najua katumwa na kaka yake, na mguu wake usikanyage tena pale. Mama alikuwa nyuma yangu, akaongezea kwamba damu ni nzito kuliko maji, wa kwao ni wa kwao tu.

Wifi hakubishana. Aliondoka. Baadaye akanitumia ujumbe wa sauti, mkavu kama ukuni:

"Hunipendi, na kwa leo na mimi sikupendi. Lakini kaka yangu namjua. Fungua ruta yako uangalie nani yumo."

Pamoja na hasira zangu, nilicheka: wifi ananifundisha Wi-Fi.

Akanielekeza kwa meseji. Nikageuza ruta, kile kisanduku cha intaneti, chini yake kuna karatasi imebandikwa, ina anwani ya namba na paswedi ya kiwandani. Nikaandika ile anwani kwenye simu, ukurasa ukafunguka. Tangu tuwekewe ruta ile, hakuna aliyewahi kuibadilisha ile paswedi. Mlango ulikuwa umerudishiwa tu, yeyote anasukuma.

Vifaa vilivyounganishwa vilikuwa vinne. Simu yangu. Simu ya mama. Televisheni.

Cha nne hakikuwa na jina. Herufi na namba tu.

Nikabadilisha kila kitu, paswedi ya ruta na ya mtandao. Cha nne kikatoweka. Meseji zikakatika. Nikalala usingizi niliokuwa nimeusahau.

Wiki haikuisha.

"Ulidhani umenifungia nje?"

Nilifungua ruta. Vinne.

Nikampigia wifi. Sikujua msamaha nianze kuuomba kwa neno gani, nikasema tu aje. Akaja na bisibisi zake, uso kaukunja. Alitaka kujua kitu kimoja: paswedi mpya nilimpa nani.

"Mama tu," nikamjibu.

Akasema kifaa hakijiandikii paswedi chenyewe.

Tukaanza kuchomoa umeme, kitu kimoja kimoja, huku tunaangalia ile orodha ya vifaa kwenye simu. Tulipochomoa televisheni, ikatoka televisheni. Tukaingia chumba ninacholala na binti yangu. Kulikuwa na saa ya mezani ya umeme, zawadi aliyopewa na baba yake tulipohamia pale. Wifi akaichomoa.

Cha nne kikatoka.

Akaifungua pale pale kitandani. Nyuma ya kioo cheusi kulikuwa na kijicho cha kamera, na pembeni yake kinasa sauti. Na chumba hicho ndicho tunachovulia nguo, mimi na mtoto.

Wifi akakaa chini sakafuni. Akasema kwamba huyo ni kaka yake, wamenyonya ziwa moja, na machozi yakamtoka.

Mimi sikulia. Nikatoka na ile saa mpaka sebuleni. Mama alikuwa anakunja nguo za shule.

"Mama, nani aliiwekea hii paswedi mpya?"

Hakuacha kukunja. "Mimi. Alinipigia, akanielekeza pa kubonyeza."

"Ulijua ni kamera?"

"Nilijua." Akalaza sketi juu ya nyingine, akainyoosha. "Kwangu mimi yule bado ni mumeo. Mwanamke anahitaji mtu wa kumwangalia, mwanangu. Nilitaka akuone unavyoteseka, akurudie."

"Kuangaliwa siyo kuchunguliwa, mama. Na mjukuu wako je?"

Hapo ndipo mikono yake iliposimama.

Siku hiyo hiyo nilimpigia mjomba aje amchukue dada yake. Mama aliondoka akisema nimemkumbatia wifi nikamtupa aliyenizaa. Nilimbebea begi mpaka chini, basi.

Saa ilikwenda polisi, kisha mahakamani. Wifi alisimama akatoa ushahidi dhidi ya kaka yake wa tumbo moja, na ukoo wao mpaka leo haumsalimii. Mtoto nimepewa mimi. Jamaa kesi yake ya kamera bado inamsubiri. Na mama nikimpigia hapokei.

Ndugu zangu, fungueni ruta zenu. Hesabuni vifaa, badilisheni hizo paswedi za kiwandani. Mkimaliza, jiulizeni mpya mmempa nani.

Mwizi wa nje unamfungia mlango. Wa ndani unamkabidhi ufunguo mwenyewe, tena kwa mikono miwili, na unamwita mama.