Mkaja wa Bi Twahira

Kila alfajiri, kabla hajasemezana na mtu, Bi Twahira alijifunga mkaja. Wanawake wengine wa Amu, kisiwani Lamu, huufunga mshipi huo wa kitambaa wakati wa arubaini ya uzazi, tumbo lirudi mahali pake, kisha wakauweka sandukuni. Yeye alimzaa Alawiya, mtoto wake wa pekee, akaufunga, na hakuuacha tena hata Alawiya naye alipokuwa na watoto.

Kiungulia kilipomwanza aliukaza zaidi. Aliamini kinachopanda hushindiliwa chini. Lakini maji makali yalizidi kumjaa kooni kila aliposujudu, chakula kikawa kinamkwama kifuani, na mwishowe hakuweza kulala ila kwa kuketi, amerundikiwa mito mgongoni. Alawiya alilala chumba cha pili akisikiliza kikohozi cha mamake. Kikisikika aliogopa, kikinyamaza aliogopa zaidi.

Mwaka wa 1966 daktari wa Lamu aliwaambia waende Mombasa. Jeilani, mjomba wake Alawiya, aliwafuata hadi gatini.

"Dada, rudi! Anayepasuliwa Mombasa harudi Amu."

"Nikae nife njaa mbele ya sinia la wali, ndipo ufurahi?" Bi Twahira alimjibu, akashuka kuingia chomboni.

Huko bara basi lilisindikizwa na askari kwa hofu ya mashifta, waasi waliovizia magari njiani. Abiria waliukodolea macho msitu. Alawiya aliitazama shingo ya mamake, ilivyokonda.

Hospitalini Bi Twahira alinyweshwa dawa nyeupe, nzito kama chokaa, akapigwa picha. Daktari wa upasuaji, Mzungu mzee, alieleza kwa Kiingereza, na muuguzi aitwaye Nerea, mtu wa bara, akatafsiri.

"Mama, tumbo lako, ule mfuko wa chakula, limepenya juu kwenye tundu lililo chini ya mapafu, limeingia kifuani. Ndiyo sababu yale maji makali hayana kizuizi. Na huu mshipi unalisukuma huko huko."

Alawiya aliuona mkono wa mamake ukishuka kiunoni, ukatulia hapo. Miaka yote ile!

"Unaweza kuuvua," Nerea aliendelea, "ule kidogo kidogo, tukuongezee dawa. Lakini njia ya chakula imeanza kuziba, na daktari haoni kama hayo yatatosha. Au upasuliwe. Wengine hupasuliwa kifuani, mbavu zikatanuliwa. Wewe anataka kukupitia tumboni. Atalivuta tumbo lishuke, ashone lile tundu, kisha sehemu ya juu ya tumbo aizungushe kwenye njia ya chakula, aishone, ibane."

Bi Twahira aliupapasa mkaja. "Kumbe! Mkaja wangu mnauvua nje, mkaufunge ndani?"

Nerea alicheka mpaka akasahau kumtafsiria daktari. Alawiya hakucheka.

"Muulize, wanaopasuliwa hivyo huamka wangapi?"

Daktari alivua miwani kwanza. "Wengi," Nerea alitafsiri. "Si wote."

"Mama, twende zetu nyumbani."

"Nyumbani nifanye nini? Nimechoka kuketi, mwanangu. Nataka kulala kama walalavyo watu." Akaufungua mkaja, akaukunja, akampa Alawiya.

Alipasuliwa, akaamka. Hapo hofu ya Alawiya ingefaa iishe, lakini haikuisha. Alasiri moja baada ya siku chache alimkuta mamake amelala chali, hana mito, uso umetulia. Alawiya hakuwahi kumwona mtu wa nyumba yao amelala hivyo ila maiti. Akampelekea kiganja puani. Akamgusa bega. Akamwita tena na tena, na kila mara Bi Twahira alifumbua macho, akayafumba.

Kesho yake damu iliyoganda mguuni ilipanda ikaingia mapafuni, na daktari hakuwa na la kufanya. Alawiya alipofika wodini, shuka lilikuwa limekwisha kuvutwa usoni. Bi Twahira alizikwa Mombasa siku hiyo hiyo.

Yaliyombakia Alawiya ni maneno ya ile alasiri, alipomtikisa mara ya mwisho, na mamake akaushika mkono wake, akausogeza kando polepole.

"Niache nilale, mwanangu. Hiki ndicho nilichokifuata."