Ripoti Zilipoizuia Sauti ya Makwasinyi

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa mtu wa redio koli katika mradi mmoja wa afya pale Voi. Kazi yangu ilikuwa kuzungumza na zahanati za mbali ambako simu haikufika. Niliyezungumza naye zaidi alikuwa sista, muuguzi wa zahanati ya Makwasinyi, kule Kasigau, Mtaita wa makamo aliyeniita mwanangu ingawa tulikuwa tumeonana mara mbili tu.

Kisha tukaletewa redio mpya za kidijitali. Fundi kutoka Nairobi alizifunga, za zahanati zikiwa na vitufe vya kuandikia, ya kwetu akaiunganisha na kompyuta. "Sasa mtaongea na mtatumiana ripoti kwa redio hiyo hiyo," alisema.

"Vyote kwa pamoja?"

Akacheka. "Hapana, dada. Ripoti ikipita, sauti inangoja."

Sikulitilia maanani. Mkubwa wetu naye alifurahi tu kwamba hatangoja tena karatasi ziletwe na gari.

Siku moja, saa nne asubuhi, ripoti za mwezi zilikuwa zikiingia kutoka zahanati za Bura na Mbololo, pole pole, mstari kwa mstari. Kati ya ripoti moja na nyingine spika ikakoroma: "Voi, mwanangu, gari..." Ikanyamaza. Ripoti nyingine ilikuwa imeshaanza kuingia.

"Bwana, nikate," nikamwambia mkubwa. "Kuna jambo Makwasinyi."

"Ukikata zinaanza upya. Si zimebaki kidogo? Acha zimalize."

Mkono wangu ulikuwa kwenye swichi. Sikukata. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini, na jibu ni moja tu: niliogopa kufutwa kazi.

Zilichukua dakika arobaini. Nilipompata sista, sauti ilikuwa imemkauka. "Kuna mama amejifungua, damu haikatiki. Nimekuita mpaka nimechoka, mwanangu."

Gari lilitoka saa ile ile. Lilimkuta yule mama bado anapumua, wakampakia wakageuza. Alifia njiani kabla ya kufika Maungu, kichwa chake kikiwa mapajani mwa sista. Mtoto alibaki kwa nyanya yake.

Mkubwa alisema dakika zile zisingemwokoa. Alisema hivyo mara mbili, bila kuniangalia.

Niliandika barua Nairobi kuomba sauti ipewe nafasi ya kwanza. Wakajibu kwamba mitambo ilikuja hivyo na haibadilishwi. Nikaenda Makwasinyi kumpa sista pole. Alinikaribisha uji, akakaa mbele yangu.

"Siku ile ulinisikia?"

"Nilikusikia, mama."

Akatikisa kichwa, akainuka kwenda kupanga chupa za dawa.

Toka hapo alinitumia maandishi tu: dawa za malaria zimekwisha, friji ya chanjo imezimika. Nami nilijibu kwa maandishi. Mwaka uliofuata mradi ulifungwa, redio zikang'olewa, na zahanati ikabaki bila njia yoyote ya kuita gari.