Vichwa vya Midoli kwenye Buti la Gari

Hukumu ilitolewa Ijumaa mchana, tumeshiba wali, sahani bado ziko kwenye mkeka. Midoli yangu sita ikitaka kubaki chumbani, itolewe vichwa. Ikibaki na vichwa, itoke, na mimi nikipenda niifuate.

Aliyehukumu ni mkubwa wa chumba chetu cha kupanga mtaa wa Abu Hamour, huku Uarabuni, mtu wa Unguja, mlinzi wa hoteli, mwenye umri wa kuwa ami yangu, na ndivyo nilivyomwita. Hakuwa na ubaya, na hilo ndilo lililonichosha. Mkorofi ningemjibu. Yeye alisema kwa upole, huku akichokonoa meno, kwamba kila akitoa salamu kumaliza sala anakuta kabati langu zima linamtazama.

"Yakhe, malaika watapita wapi humu?" akasema. "Kitu kisicho na kichwa ni kitu tu. Vitoe hivyo vichwa, tukae kwa amani."

Ningebisha nini? Mimi mwenyewe naswali kwenye mkeka uleule. Mwenzetu wa tatu, kijana wa Mwanza anayefanya kazi ya jikoni, hakusaidia kitu. Alimwambia ami aniache, watu wa Tanga hawafugi midoli bure. Tangu mudiri, meneja wake, amnyime likizo, akiingia chumbani alikuwa anaangalia juu ya kabati kwanza, ndipo anaangalia kitandani kwake. Asubuhi aliniamkia, "Shikamoo, baba watoto," halafu akauliza kama wameshakunywa chai.

Kueleza nilivyoanza ni kazi. Nimeishi Tanga, Mombasa, Maskati, Dubai na sasa hapa, na kila mji nimeuacha nikiwa na begi moja. Sina albamu ya picha, sina hata kikombe cha zamani. Siku moja nikapita kwenye soko la vitu vikuukuu, pale wanapomwaga vyombo vya familia zilizorudi makwao: feni, vitanda vya watoto, birika zisizo na vifuniko. Katikati ya nyaya nikaona uso wa mdoli wa kauri, una nyufa nyembamba kama nywele. Nikamtoa. Gauni lake lilikuwa limetatuka kwapani, na mtu alilitia viraka kwa uzi wa rangi nyingine, mishono midogo, ya subira. Mama yangu alishona hivyohivyo sare zetu za shule, kwa uzi wowote uliokuwepo. Sikujua kama aliyeshona gauni lile yu hai, wala alikuwa wa nchi gani. Muuzaji alitaka bei isiyofika sahani ya biriani. Nilijiambia nampelekea binti yangu, nikakumbuka binti yangu ni mtu mzima na atanicheka.

Baada ya huyo wakaja wengine, wote wa bei ya chini, maana niliwachukua walioachwa na wenye pesa: aliyevunjika kidole, chongo, aliyekatwa nywele na mtoto mtundu miaka mingi kabla. Niliwaosha kwa pamba, nikawashona. Ni upuuzi, najua. Lakini jioni nikirudi kutoka kuendesha gari la watu, nilikuwa na mahali pa kutazama.

Basi nikakaa kitandani kutekeleza hukumu. Midoli ya zamani haikatwi. Ndani ya shingo mna kulabu na lastiki. Ukiingiza waya na kuvuta taratibu, kichwa kinaachia. Wa kitambaa nilimfumua shingo kwa wembe, uzi kwa uzi. Yule wa Mwanza alitazama kichwa cha kwanza kikitoka, akavaa viatu, akasema atarudi nikimaliza. Niliporudisha viwiliwili juu ya kabati, vimevaa magauni yao, vimekaa wima bila vichwa, hata yeye alikiri kwamba sasa ndiyo inatisha. Ami aliniombea kheri, akatandika msala wake akaswali.

Vichwa nilivifunga kwenye soksi, nikavipanga ndani ya kopo la biskuti na kuliweka kwenye buti la gari. Kila tuta niliwasikia wakigongana. Abiria mmoja aliuliza nini kile, nikasema vikombe.

Mambo yangeendelea hivyo, kama si ile familia ya uwanja wa ndege iliyokuja na masanduku kama inahamisha kijiji. Buti likajaa. Nikaliweka kopo nyuma ya kiti cha abiria, chini ya kioo cha nyuma, nikawapeleka mji wa Lusail. Kule wakaniambia niwasubiri kidogo. Kidogo cha abiria kila dereva anakijua. Nilisubiri kwenye lobi ya jengo lao, gari liko juani, na jua la Agosti la hapa halihitaji maelezo.

Vya kauri vilisalimika. Lakini mdogo wao, mwenye kichwa cha ile plastiki ya kale nyepesi kama ganda la yai, uso ulikuwa umezama. Pua imeingia mdomoni, shavu moja limefuata. Nilijaribu kuusukuma kwa ndani kwa kidole, nikazidisha.

Nilimpelekea ami, nikamweka mbele yake. Akavaa miwani, akamgeuza huku na huku kwa makini.

"Huyu hana uso tena," akasema. "Huyu anaweza kukaa."

Alidhani ananipa habari njema. Nilikunja godoro siku hiyohiyo. Nikapata kichumba Al Rayyan, cha ukuta wa mbao, cha peke yangu, nikahama kwa mara ya kwanza maishani nikiwa na begi na makatoni mawili. Wote nimewarudishia vichwa vyao, hata yule aliyezama, ingawa lastiki zimelegea na wanageuka shingo wenyewe.

Sala ya kwanza kule, nilisimama nikashindwa kuanza. Walikuwa mbele yangu. Ami alikuwa na haki, inaudhi sana kugundua. Nikachukua shuka, nikawafunika, nikaswali, nikawafunua. Kazi ya kupepesa jicho.

Ndipo nikawaka hasira. Nikampigia ami simu. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia kwamba shuka lingetosha, kabla sijamfumua mtu shingo, kabla ya kopo, kabla ya jua la Lusail.

"Nilikupa njia moja," akasema. "Hukuniuliza ya pili. Ulinyanyuka kimya na waya mkononi. Halafu mara umekunja godoro. Mtu mwenye haraka ya kuhama kama wewe, yakhe, nani amsemeshe?"

Nilikuwa na majibu mengi na yote mabaya. Nikamwambia mtandao unakatika, nikafunga simu, maana bado ni ami yangu.