Mkono Uliolegea

Nakumbuka siku moja, mwanangu, asubuhi ya harusi ya binamu yangu Rukia, tulisimama uani kwetu Tandika tukibishania neno moja mpaka jasho likatutoka. Mie nilikuwa ndiyo kwanza nimepata leseni. Nilitakiwa kumpeleka mama Kinondoni kwenye shughuli, pamoja na shangazi yangu Bi Mwanaidi, mama yake bibi harusi. Gauni la Rukia tulikuwa nalo sie.

Kaka yangu Salumu, fundi magari wa Buguruni, ndiye aliyelitumia gari la nyumbani jana yake. Alfajiri alimpigia mama, akasema mbiombio, "Mwambie Mwajuma aangalie, mkono umelegea." Simu ikakatika, na tangu hapo hakupatikana tena.

"Mkono ni handibreki," nikasema. "Haina shida. Tukifika naweka jiwe nyuma ya tairi."

Shangazi alikuwa mwalimu wa Kiswahili, na pale hakusogea.

"Hiyo ni breki ya mkono. Angetaka kusema breki, angesema breki. Mkono ni huo wa gia."

"Shangazi, gereji hawaongei Kiswahili cha darasani."

"Na wewe umekuwa wa gereji lini?"

Mama akatusihi tunyamaze, lakini wapi. Nikavuta handibreki kwa hasira ili nimwonyeshe shangazi ilivyolegea. Ikashika vizuri tu. Yeye naye akaingiza mkono dirishani akautikisa ule wa gia, ukawa imara. Tukatazamana.

"Sasa kilicholegea ni kipi?" akauliza shangazi, safari hii kwa sauti ya chini.

Nikasema Salumu atakuwa amekosea, twendeni, watu wanasubiri. Shangazi akalichukua gauni, akakaa nalo kibarazani. "Siingii humo mpaka aliyelisema neno aje anionyeshe kwa kidole." Na mwanangu, anayesubiriwa kuvalishwa ni binti yake wa pekee! Simu za Kinondoni zikawa zinalia mfululizo. Mama alikaribia kulia. Mie nilinuna, nikamwona shangazi ni mtu wa ubishi usio na maana.

Hatimaye bodaboda ikasimama mlangoni, Salumu akashuka. Simu yake ilikuwa imeisha chaji, ikabidi aje mwenyewe. Hakuenda kwenye breki wala kwenye gia. Alipiga jeki tairi la mbele, akalishika kwa mikono miwili na kulitikisa. Likacheza kama jino la mtoto.

"Mkono wa stelingi huu, ndio unaogeuza tairi," akasema. "Nati imebaki kwenye uzi wa mwisho. Mngefika barabara ya Mandela, na yale malori..."

Nikakaa chini palepale kwenye mchanga na nguo zangu za harusi. Shangazi alisema alhamdulillahi, kisha akaangua kicheko. "Na mie nilivyong'ang'ana na gia!" Tukacheka sote huku machozi yanatutoka, na mama akacheka kuliko sisi.

Tulikodi teksi. Rukia alitugombeza, akavaa, na ndoa ikafungwa. Pilau la siku ile nililila taratibu, nikiwaangalia mama na shangazi wakigombea kipande cha nyama, na sikumbuki kama nimewahi kushiba vile.

Ndiyo maana nakuusia, mwanangu. Mtu akikupa ujumbe wenye neno usilolielewa sawasawa, usilimalizie kwa unavyofikiri wewe. Muulize, na ikiwezekana akuonyeshe. Na ukiwa wewe msemaji, sema mkono wa nini na uko upande gani, hata kama una haraka. Shangazi hakuwa akijua magari kunizidi. Alikubali tu kusema hajui, mie sikukubali. Anayekuchelewesha kwa maswali mvumilie, huenda ndiye anayekurudisha nyumbani.

Mungu akujaalie ulimi unaoeleweka na sikio lenye subira. Kila utokako utoke salama, na wanaokungoja uwafikie ukiwa mzima.