Nia kwa Ajili ya Bertila

Bertila anafuma masweta ya shule pale Makambako, na ukitaka ugomvi naye, sifu kazi yake. Atakuonyesha mshono uliopinda ambao yeye mwenyewe ameutafuta kwa tochi. Atakuambia uzi haukutoka rangi sawa, kola imelegea, na kuna mwenzake mtaa wa pili anafuma vizuri zaidi, nenda kwake. Wateja hucheka wakidhani ni unyenyekevu. Huku kwetu kwenye baridi tunaupenda unyenyekevu, hasa ukiwa wa mtu mwingine. Lakini ule haukuwa unyenyekevu hata kidogo. Mwanamke yule alikuwa anaamini kila neno alilolisema.

Ili ulielewe hilo, inabidi nikurudishe kijijini kwao, kwenye misheni moja upande wa Njombe, enzi zile alipopelekwa utawani. Bertila ni mtoto wa kwanza wa marehemu mzee Mikaeli na mkewe Eufrasia. Alipomaliza kidato cha nne akasema anasikia wito. Ng'ombe alichinjwa, jumuiya ya kanisani ikaleta blanketi, ndoo na mashuka, na mama yake, aliyekuwa akiitwa Mama Bertila tangu amzae, akaanza kuitwa Mama Sista kabla binti hajafika hata huko alikokuwa anakwenda. Bertila alikaa shirikani miaka kadhaa. Alijifunza kufuma, akajifunza kunyamaza, akavaa shela nyeupe ya wanovisi, wanafunzi wa utawa. Kisha asubuhi moja mlezi wake akamwita, akamwambia kwa upole kwamba Mungu ana njia nyingi, na hii si yako, mwanangu. Basi. Hakumwambia amekosa nini.

Mtu akifukuzwa kwa kuiba, angalau anajua ameiba. Bertila aliachiwa kazi ya kujitafutia kosa mwenyewe, na akaifanya kwa bidii yote aliyofundishwa na masista. Labda alicheka sana mezani. Labda sauti yake kwenye zaburi ilikuwa mbaya. Labda waliona ndani yake kitu ambacho yeye mwenyewe hakioni, na hilo ndilo lililomtisha kuliko yote. Nyumbani hakuna aliyemwuliza. Mama aliwaambia majirani kwamba binti yuko likizo. Likizo ikawa ndefu, watoto wa kijiji wakampachika jina la Sista Likizo, na Bertila akakimbilia Makambako na mashine ya kufumia ya mtumba. Mama naye alibaki hana jina, maana watu hawakujua tena wamwiteje, mpaka Lidia, mdogo wake Bertila, alipoingia shirika hilohilo na kubaki. Hapo akawa Mama Sista kweli. Hakuna aliyekumbuka tena kumwita Mama Bertila.

Kulikuwa hata na mwanamume. Emanuel, fundi wa magari, mtu mpole, aliyekuwa akimletea chai kibandani kila upepo wa Makambako ulipochachamaa. Alipomwambia anataka kumwoa, Bertila akamjibu atafute mtu wa maana. Aliendelea kumjibu hivyo mpaka mwenzake akachoka, akatafuta, akapata. Mtoto wao alipozaliwa Bertila alimfumia sweta, tena bila kinyongo. Aliona haki imetendeka. Mimi jambo hilo linaniudhi hadi leo.

Mwaka jana mama alipiga simu. Lidia alikuwa ameweka nadhiri za daima, na misa ya shukrani ingefanyika parokiani kwao mwezi wa tisa.

"Utakaa na mimi benchi la mbele," mama alisema. "Familia lazima ionekane."

Bertila hakuwa amekanyaga ndani ya kanisa lile tangu arudishwe. Akienda kijijini aliondoka Jumamosi, akasingizia oda. Baada ya simu ile alijaribu kuendelea kufuma, mikono ikagoma. Alikaa mbele ya mashine akalia mpaka mteja aliyekuja kuchukua mzigo wake akageuza njia kimyakimya.

Siku hiyo ndipo alipoandika kwenye simu: kwa nini najiona sifai. Simu ikamletea mahubiri, ikamletea dawa ya kuongeza mvuto, ikamletea mtumishi mmoja aliyetaka atumiwe picha na sadaka kwanza ndipo amfungue vifungo. Bertila, anayeamini kila baya analoambiwa juu yake, huyo hakumwamini. Angeweza kwenda hospitali, lakini Makambako ni njia panda ya kila mtu. Ukionekana umekaa mbele ya mlango wa mshauri, kabla hujaitwa ndani habari imeshafika kwenu. Alitaka mtu wa mbali, asiyejua misheni yao iko wapi. Mwishowe akakuta ukurasa wa dada mmoja wa Mwanza, Aneth, mtaalamu wa saikolojia, aliyeandika kwamba huongea kwa simu na watu wanaojidharau, na kwamba si lazima uonyeshe uso mpaka utakapokuwa tayari. Hayo maneno ya mwisho ndiyo yaliyomvuta.

Waliongea mchana, wakati jirani yake Idda yuko sokoni, kwa sababu ukuta kati ya vyumba vyao ulikuwa mwembamba na masikio ya Idda hayakuwa na likizo. Bertila alifunga dirisha, akajifunika blanketi, akaanza kuongea kama mtu aliyekuja kuungama, kosa moja baada ya jingine. Aneth alimsikiliza mpaka mwisho.

"Haya makosa, dada Bertila," aliuliza, "nani alikuambia kwamba ndiyo yaliyokutoa?"

Bertila alitafuta jibu. Hakuna aliyemwambia. Alikuwa amejihukumu bila shahidi hata mmoja.

Miezi ile alibadilika, ingawa kidogo. Mteja akisifu sweta, alinyamaza badala ya kubisha. Siku moja aliwasha kamera, na Aneth akaona uso wake, naye akamwambia tu, "Karibu." Kwa mara ya kwanza tangu usichana wake kulikuwa na mtu mmoja duniani ambaye Bertila hakumficha kitu, na alisubiri simu zile jinsi mgonjwa anavyosubiri jua litoke.

Kadiri misa ya Lidia ilivyokaribia, Aneth alimpa kazi ngumu. Amwambie mama. Asimlaumu, amwambie tu. Walifanya mazoezi, Aneth akijifanya mama, tena akijifanya vibaya, maana mama wa Kibena hasemi "ninaelewa hisia zako."

"Mtu mmoja tu wa kwenu akijua, mzigo utapungua," Aneth alisema.

Na aliposema mtu mmoja alimaanisha mtu mmoja. Kwake yeye, ukimwambia mama yako jambo la moyoni, linabaki kati yenu. Hakujua kwamba kwa mama kama Eufrasia jambo zito lina mahali pake pa kupelekwa. Bertila alijua, maana alikulia humohumo. Lakini hamu ya kusikilizwa na mama yake ilikuwa kubwa mno, ikamsahaulisha.

Alikwenda wiki moja kabla ya sherehe. Alimkuta mama jikoni, ungo mapajani, anachambua maharage ya wageni.

"Kamwene, mama."

"Kamwene, mwanangu. Mbona umekonda?"

Bertila alivuta kigoda, akachambua naye. Alingoja mpaka moyo utulie, haukutulia, akasema hivyohivyo.

"Mama, niliporudishwa kutoka shirikani niliumia. Hadi leo naumia. Najiona sifai kwa lolote."

Mikono ya mama ilisimama.

"Miaka yote hii?"

"Miaka yote, mama."

"Na mimi nikadhani umeshasahau. Nikasema nisikutoneshe kidonda." Alijifuta macho kwa ncha ya khanga. "Pole, mwanangu. Pole sana. Basi niachie mimi."

Bertila alilaza kichwa begani kwa mama yake, na mama akamwacha akae hivyo, maharage yakasubiri. Aliporudi Makambako alimwandikia Aneth kwamba amemwambia, na kwamba mama alilia, na kwamba hakujua kumbe mama naye alikuwa amebeba mzigo huo. Aneth akamjibu kwamba amefanya jambo kubwa. Wiki ile Bertila alifuma akiimba. Idda alisikia kupitia ukutani na akashangaa.

Ikaja Jumapili. Kanisa lilijaa mpaka nje, watu wamekuja toka Njombe mjini, na wengine toka Makete kwa gari la kukodi. Bertila alikaa benchi la mbele kati ya mama na baba yake mdogo Anthony, wote katika kitenge kimoja cha familia. Alikuwa ndani ya kanisa lile na paa halikumwangukia. Kisha katekista Timoth akasogelea kipaza sauti kusoma nia za misa, kama afanyavyo kila Jumapili kabla padre hajaingia: nani anawaombea marehemu wake, nani anashukuru kujifungua salama.

"Familia ya marehemu mzee Mikaeli inamshukuru Mungu kwa nadhiri za daima za binti yao, Sista Lidia."

Vigelegele vikapigwa. Timoth akangoja vitulie, akasogeza karatasi karibu na macho.

"Familia hiyohiyo inamwombea binti yao Bertila, anayesumbuliwa na hali ya kujidharau na kujiona hafai, tangu alipoachishwa shirikani. Mungu amponye."

Hapo hakuna aliyepiga kigelegele. Mabenchi tu yalilia, watu walipogeuka. Waliokuwa wanaamini aliacha utawa kwa hiari yake, na walikuwapo wengi, sasa walijua. Watoto waliozaliwa baada ya yote hayo nao wakajua. Bertila akageuza macho kwa mama yake, na alichokiona kilimmaliza kabisa, kwa sababu uso wa mama ulikuwa unang'aa. Mama alimshika mkono, akaubana kwa nguvu. Alikuwa amempa mtoto wake kitu kikubwa kuliko vyote alivyokuwa navyo, tena siku ya Lidia, mbele ya watu wote, ili safari hii asiachwe nyuma. Ungeutazama mkono ule usingeweza kumchukia mwenye nao. Bertila alijaribu, akashindwa.

Baada ya misa walimjia. Shangazi Jeni alimkumbatia akamwambia Mungu hamtupi mja wake. Wanawake wa jumuiya walimshika mkono wakaung'ang'ania, wakimwangalia usoni jinsi watu wanavyomwangalia mtu aliyetoka kulazwa. Mmoja alimwahidi novena, sala za siku tisa. Lidia mwenyewe, mzuri katika shela yake, alimvuta pembeni.

"Dada, ungeniambia mimi mapema," alisema, macho yamejaa machozi. "Tungeshaanza kukuombea kule nyumbani kwetu."

Alisema nyumbani kwetu akimaanisha shirikani. Bertila akatabasamu, akamwambia hongera.

Mama alimsindikiza hadi penye bodaboda, amejaa furaha kama aliyevuna.

"Umesikia alivyokusoma vizuri? Na si leo tu. Nimekuwekea nia kila Jumapili mpaka Pasaka."

"Asante, mama," Bertila alisema.

Angesema nini? Unaanzaje kumwambia mama yako aache kukuombea? Angemwambia ameumizwa, mama angelia, na kilio hicho nacho kingekwenda parokiani. Alipanda pikipiki. Kutoka Njombe hadi Makambako alikaa dirishani mwa basi, akapita mashamba ya chai na misitu ya mipaini bila kuona hata mti mmoja, na alichokuwa anafikiri, nakuambia kwa uchungu, ni kwamba kosa ni lake. Mlezi wake kumbe aliona mbali. Mtu kama yeye hata akipewa dawa anaigeuza kuwa aibu.

Mchana wa kikao chao Aneth alipiga. Bertila aliitazama simu ikilia mpaka ikakaribia kukatika, ndipo akapokea. Kamera aliiwasha. Alikuwa ameosha uso na kuvaa sweta jipya.

"Niambie," Aneth alisema, na ilikuwa wazi kwamba alikuwa na hamu ya kusikia. "Ulikaa benchi la mbele?"

"Nilikaa."

"Na mama?"

"Alinishika mkono misa nzima."

Aneth alifunga macho kidogo akacheka kwa furaha. Bertila aliuona uso ule, wa mtu mmoja tu aliyewahi kujivunia yeye, na akajua hawezi kuuharibu. Kama angemweleza, Aneth angejilaumu, au angetafuta njia nyingine, na njia nyingine ingehitaji Bertila mwingine, mwenye nguvu kuliko huyu. Huyu alikuwa amekwisha.

"Na wewe unajisikiaje, dada Bertila? Ukweli."

"Nimepona," Bertila alisema.

Aneth alimpongeza. Alisema kazi yote ameifanya yeye mwenyewe Bertila, na kwamba sasa hawana haja ya kuongea kila wiki, akimhitaji, ampigie. Bertila alimshukuru kwa adabu zote alizofundishwa, akaaga, akaifuta namba ile kwenye simu kabla mkono haujasita.

Jumapili iliyofuata aliamka mapema, akakaa kwenye mashine na oda ya shule moja ya msingi. Upepo ulikuwa unapiga mabati. Ilipofika saa moja alijua kule nyumbani Timoth amesimama tena penye kipaza sauti, na kanisa zima linamwombea apone kitu ambacho yeye alikuwa ameapa hatamwambia mtu tena maisha yake yote.