Saa ya Mama Furaha na mafuta ya upako

Leo wameniita mupagani juu ya tone moja ya mafuta.

Niko fundi wa saa hapa Katoyi, munanijua. Asubuhi jirani yangu Mama Furaha ameniletea saa ya ukuta ya marehemu bwana yake, ile ya kukaza na ufunguo. Siku volkano ilitoka, aliacha matela ya kulalia ndani, akabeba hiyo saa ku kichwa.

Juzi ikasimama.
Mama akafanya nini? Akaimwagia mafuta ya mizeituni yenye pasta aliombea!

Nafungua: mafuta mazito yamekamata vumbi ya volkano, imekuwa nzito kama ugali, fufu kabisa.

"Mama, natosha hii yote, naitoa."
"Unatosha upako ku saa ya bwana yangu?"

Watu wakajaa, wakaniita mupagani. Kila mutu na mafuta yake: huyu mawese, ule ya pikipiki, askari mumoja eti ya bunduki!

Nilikatala yote. Nikasafisha, nikatia na sindano tone ya mafuta ya saa, pale vyuma vinazungukia tu. Ku meno ya magurudumu, hapana.

Tik. Tik. Tik.

Mama akarusha mikono juu: "Aleluya! Upako umetumika, saa imepona!"

Makofi kila upande. Na mi hapo, sindano mukononi, kama mujinga.

Kisha ananiambia: "Fundi, leta kachupa kako ka mafuta, pasta akaombee."

Akaombee hata siku tatu, nitasema amina. Lakini sindano ni yangu.

Na ule bado ananiita mupagani, aandike hapa chini. Aanze na kutuambia saa yake ya ukuta inaonyesha saa ngapi.